Mchoro Kwanza, Mnara Baadaye: Kupanga Mtandao Mdogo wa Intaneti Vijijini Tabora



Maombi ya mnara wa intaneti yamekuwa mengi. Zahanati inataka kutuma taarifa zake wilayani bila muuguzi kupoteza siku nzima barabarani. Shule ya sekondari ina kompyuta zilizofunikwa vitambaa kwa kukosa mawasiliano. Vijana wanataka kuuza huduma kwa majirani ili mradi ujilipie wenyewe. Maombi haya ni mema na tunayapokea kwa furaha. Hata hivyo, karibu yote huanza na bei ya mnara, na machache sana huja na mchoro unaoonyesha mnara utaongea na nani, kwa njia gani, na kwa umeme wa wapi.

Kwa hiyo somo la robo hii ni la kupanga. Tunataka kila kamati ikilimaliza iweze kukaa mezani na ramani, penseli na kikokotoo, ichore mtandao wake, kisha imwite fundi. Na tunataka wafadhili wetu wajue maswali ya kuuliza kabla ya kutoa fedha. Jambo kuu la somo ni moja: mtandao upangwe kwa ajili ya siku mbaya, si kwa ajili ya siku ya ufunguzi.

TUANZE KWA KUKIRI KOSA

Miaka kadhaa iliyopita tulisaidia parokia moja kuunganisha ofisi yake na zahanati iliyo umbali wa kilomita tisa hivi. Tulipima mwezi wa Agosti. Tulipanda kwenye mnara wa kengele, na kwa macho yetu tukaona bati la zahanati liking'aa. Tukaona inatosha. Antena zikafungwa, siku ya ufunguzi picha zikapigwa, na muuguzi akatuma taarifa yake ya kwanza huku wageni wakipiga makofi.

Kila mwenyeji wa Tabora anajua tulichokisahau. Agosti miti ya miombo imepukutisha majani. Majani mapya huchipua kuelekea mvua, na kufikia Desemba pori limefunga. Mawasiliano yakawa yanakatika, kisha yakafa kabisa. Muuguzi akarudi kwenye baiskeli. Ilitubidi kusimamisha mnara mwingine mahali palipoinuka, na fedha iliyokwisha tengwa kwa ajili ya kompyuta za shule ndiyo iliyoulipia. Mfadhili alipouliza kwa nini, hatukuwa na jibu zuri. Tulipima siku nzuri, tukajengea siku nzuri.

WALIOTUTANGULIA WALIPANGAJE?

Watu wa Tabora si wageni katika kupanga njia ndefu. Kabla ya reli kufika hapa mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikaingia Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 na kufika Kaze, karibu na mji wa leo wa Tabora, mwezi wa Novemba. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na zaidi.

Msafara haukulala mahali popote ulipochokea. Vituo vilijulikana, na kilichoamua kituo kilikuwa maji na chakula. Sehemu iliyoogopwa sana kabla ya kufika Unyanyembe ni Mgunda Mkali, pori kame kati ya Ugogo na Tura. Mwenye kuongoza msafara alijua maji ya mwisho yako wapi na yanayofuata yako wapi, na mwendo wa siku aliupima kwa hayo. Kutoka Tura, vituo vya Rubuga na Kigwa viliwafikisha Unyanyembe. Majina hayo tunayo hadi leo.

Mtandao wa redio hupangwa kwa akili hiyo hiyo. Maji yake ni mawili: chanzo cha intaneti na umeme. Mwendo wake wa siku ni umbali ambao mnara mmoja unaweza kuonana na mwingine. Tutakwenda hatua kwa hatua.

HATUA YA KWANZA: TAFUTENI CHANZO

Swali la kwanza ni hili: intaneti yenyewe itatoka wapi? Mnara hauzalishi intaneti. Unaipeleka tu, kama bomba linavyopeleka maji ya kisima.

Hadi mwaka 2009 Tanzania Bara ilitegemea sana setilaiti. Setilaiti zilizotumika wakati huo hukaa angani kiasi cha kilomita 36,000 kutoka duniani, hivyo gharama ilikuwa kubwa na mazungumzo yalichelewa. Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na katika miaka iliyofuata Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukasambazwa mikoani. Kwa hiyo leo chanzo chaweza kuwa mkongo uliofika mjini, mnara wa kampuni ya simu ulio jirani, au setilaiti pale ambapo hivyo viwili havipo.

Tuchukue mfano wa Sikonge, kama kilomita 70 kusini mwa Tabora. Kamati nyingi zingefikiri: tununue intaneti Tabora mjini, tuivushe kwa redio hadi Sikonge. Lakini kabla ya kuchora hata mstari mmoja, ulizeni kampuni zote kama wanaweza kuwauzia pale pale Sikonge, makao ya wilaya. Wakisema ndiyo, msafara wa kilomita 70 hauhitajiki, na fedha yote itumike kusambaza huduma vijijini. Ulizeni pia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006 ili kupeleka mawasiliano pasipo na faida ya kibiashara. Huenda kuna mnara unaokuja katika kata yenu, na hakuna maana ya kujenga wa pili kando yake.

HATUA YA PILI: HESABUNI WATUMIAJI

Andikeni orodha ya kila atakayeunganishwa: zahanati, shule, ofisi ya parokia, ofisi ya kata, maduka, nyumba za walimu. Kando ya kila jina andikeni idadi ya kompyuta na simu, kazi zitakazofanywa, na saa ambazo wengi watatumia. Halafu gawanyeni.

Tuseme mmenunua kasi ya megabiti 20 kwa sekunde na mna wateja 40. Wote wakitumia kwa pamoja, kila mmoja anapata nusu megabiti. Lakini si wote hutumia kwa dakika ile ile. Tukikadiria kwamba saa ya msongamano robo yao wako hewani, ni wateja 10, na kila mmoja anapata megabiti 2. Hiyo inatosha kazi nyingi. Sasa tuseme mradi umependwa na wateja wamefika 120. Robo yao ni 30, na kila mmoja anabaki na theluthi mbili za megabiti. Malalamiko yataanza, na wateja watakaoondoka kwanza ni wale wanaolipa vizuri.

Kwa hiyo andikeni katika mpango wenyewe: tukifika wateja kadhaa, tunaongeza kasi, na bei ya mwezi imepangwa kuliruhusu hilo. Mtandao mdogo huweza kuuawa na mafanikio yake usipojiandaa kuyapokea.

Kuna na mzigo usioonekana. Kompyuta 20 za shule zikiamua asubuhi kupakua masahihisho ya programu, kila moja megabaiti 500, jumla ni gigabaiti 10. Kwa kasi ya megabiti 20 hiyo ni zaidi ya saa nzima ambamo zahanati haipati kitu. Dawa yake ni mbili: fundi atenge sehemu ya zahanati ambayo haiguswi na mwingine, na masahihisho yafanyike usiku.

HATUA YA TATU: MINARA IONANE

Hapa ndipo tulipojikwaa, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Mawimbi ya redio ya masafa haya huhitaji njia wazi. Lakini njia hiyo si nyembamba kama uzi. Ina umbo la kiazi kitamu: nyembamba ncha zote mbili, nene katikati. Mafundi huita sehemu hiyo eneo la Fresnel, kwa jina la mwanafizikia wa Kifaransa. Kanuni ya kazi ni kwamba angalau asilimia 60 ya unene wake, kuanzia mstari wa katikati, iachwe wazi. Ndiyo maana kuliona bati la zahanati hakukutosha. Jicho liliona uzi. Redio ilihitaji kiazi kizima.

Jambo la pili ni mgongo wa dunia. Dunia ni mviringo, na kadiri minara inavyoachana ndivyo ardhi ya katikati inavyoinuka kati yao. Jambo la tatu ni miti. Njia ya zamani ya misafara imeacha miembe mingi mikubwa, na wala hatusemi ikatwe. Mwembe haupukutishi majani yote kama miombo. Mwaka mzima umejaa majani yenye maji, na maji hayo hunyonya mawimbi.

Jumlisheni mambo hayo matatu. Tumepiga hesabu kwa masafa ya gigahezi 5.8, katika ardhi tambarare yenye miti ya mita 15. Urefu wa kila mnara ni jumla ya namba zinazoutangulia:

Umbali wa kilomita 10: mgongo wa dunia mita 1.5, njia wazi mita 7, miti mita 15. Kila mnara mita 24 hivi.

Umbali wa kilomita 20: mgongo mita 6, njia wazi mita 10, miti mita 15. Kila mnara mita 31.

Umbali wa kilomita 30: mgongo mita 13, njia wazi mita 12, miti mita 15. Kila mnara mita 40.

Umbali wa kilomita 70, yaani Tabora hadi Sikonge kwa mruko mmoja: mgongo mita 72, njia wazi mita 18, miti mita 15. Kila mnara mita 105.

Hakuna parokia itakayojenga mnara wa mita 105. Safari hiyo hiyo ikigawanywa hatua tatu, minara minne ya mita 34 inatosha. Ikigawanywa hatua nne, ni minara mitano ya mita 29. Kila kituo cha kati kinapunguza urefu, lakini kinaongeza betri, mlinzi na kitu cha kuharibika. Hapo ndipo kamati inapopima.

Vilima hubadilisha hesabu yote. Mwaka 2007 kundi la mafundi nchini Venezuela lilifikisha mawimbi ya aina hii umbali wa kilomita 382, kwa sababu walikuwa milimani na bonde lilikuwa katikati. Sisi hatuna milima ya namna hiyo, lakini tuna vilima vya mawe. Kilima cha mita 30 ni mnara wa mita 30 uliokwisha jengwa bure. Kwa hiyo tafuteni kwanza kilima, kisha mwenye kilima, ndipo mzungumze habari ya kiwanja cha kanisa. Mnara uliowekwa uani kwa parokia kwa sababu tu uwanja ni wetu ndio mnara wa kosa letu.

Na pimeni mara mbili: kiangazi, halafu tena masika majani yakiwa yamefunga. Ikiwa muda hauruhusu, pimeni urefu wa miti na mwongeze mita tano, kwa maana miti hukua.

HATUA YA NNE: MGONGO NA MBAVU

Mchoro mzuri hutenganisha kazi mbili. Kwanza kuna mgongo, yaani viungo vinavyobeba mzigo wa wote kutoka kituo hadi kituo. Pili kuna mbavu, yaani viungo vifupi vya kuwafikia wateja. Msichanganye.

Mgongo utumie antena za sahani zinazotazamana, kila moja na mwenzake tu, kwa masafa ya gigahezi 5. Mbavu zitumie antena pana zinazofunika upande mzima. Tatu za nyuzi 120 zinamaliza mduara. Zikiwa za gigahezi 2.4, kumbukeni kwamba ni mikondo mitatu tu isiyogongana: wa 1, wa 6 na wa 11. Antena mbili jirani zikipewa mkondo mmoja zitakuwa kama wahubiri wawili katika kanisa moja kwa wakati mmoja.

Kosa la kawaida katika vituo vya kati ni kutumia redio moja kupokea na kupeleka. Redio hiyo haiwezi kusikiliza na kusema kwa pamoja, kwa hiyo kila kituo hukata kasi nusu. Megabiti 20 zikivuka kituo kimoja zinabaki 10, zikivuka cha pili zinabaki 5. Wekeni redio mbili katika kila kituo cha kati, moja inatazama nyuma na moja mbele, katika mikondo tofauti.

Namba za anwani nazo zipangwe kama nyumba za mtaa. Kituo cha kwanza kianze na 10.1, cha pili 10.2, cha tatu 10.3, na kila kituo kiwe na rauta yake. Faida ni mbili. Fundi akiona namba anajua tatizo liko kijiji gani bila kupanda basi. Na kompyuta ya shule ikiugua virusi na kuanza kupiga kelele, kelele hizo zinaishia kwenye rauta ya shule, zahanati haizisikii.

HATUA YA TANO: UMEME WA SIKU TATU ZA MAWINGU

Mahali pasipo na umeme wa TANESCO, kituo ni cha jua. Hesabu yake si ngumu. Redio mbili na rauta zitumie wati 25 hivi. Kwa saa 24 ni wati-saa 600. Mkitaka kituo kivumilie siku tatu za mawingu, mnahitaji akiba ya wati-saa 1,800. Betri za asidi hazipendi kumalizwa zaidi ya nusu, kwa hiyo nunueni za wati-saa 3,600, sawa na ampia-saa 300 za volti 12. Paneli, tukichukua saa tano za jua kali na kupoteza asilimia 30 njiani, ziwe za wati 171 au zaidi, chukueni 200.

Wengi hununua nusu ya hiyo kwa sababu kiangazi inatosha. Kisha Januari kituo kinalala kila saa saba usiku, betri zinachoka mapema, na fundi anashutumiwa bure.

Mvua zetu, kuanzia Novemba hadi Aprili, huja na radi. Kila mnara uwe na kingaradi, waya mnene wa shaba hadi ardhini, na vizuizi vya radi kwenye nyaya zinazoingia ndani. Mnara mrefu juu ya kilima bila hivyo ni mwaliko. Andikeni gharama hiyo katika bajeti ya kwanza, isiachwe ikaja kuitwa nyongeza.

HATUA YA SITA: NJIA YA PILI

Mwaka 1871 wafanyabiashara Waarabu wa Tabora waliingia vitani na mtemi Mirambo wa Urambo, na barabara ya kwenda Ujiji ikafungwa. Bidhaa zilikwama. Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alilazimika kuzunguka kusini kupitia Ukonongo ndipo akafika Ujiji. Aliyetegemea njia moja alikaa Unyanyembe akisubiri. Aliyekuwa na njia ya pili alifika, ingawa kwa kuchelewa.

Minara iliyopangwa kwa mstari mmoja ni kama barabara hiyo. Kituo cha kwanza kikizimika, vyote vya mbele vimezimika. Njia bora ni kufunga pete, yaani kituo cha mwisho kiunganishwe tena na cha kwanza kwa upande mwingine. Kwa umbali wa huku kwetu, pete mara nyingi ni ghali. Lakini kuna njia ya pili ya maskini: modemu ya simu katika kituo cha mbali, yenye kifurushi kidogo, inayowaka tu mgongo unapokatika na kubeba tu taarifa za zahanati. Shule itasubiri siku mbili. Mgonjwa wa rufaa hawezi.

Katika mchoro wenu, wekeni kidole juu ya kila kituo kwa zamu na muulize: hiki kikifa leo jioni, nani anabaki gizani, na kwa siku ngapi? Kama jibu linatisha, badilisheni mchoro. Penseli ni rahisi kuliko chuma.

WALIOFANYA KABLA YETU

Hatuko wa kwanza. Mwaka 2007, kaskazini mwa Uganda, mradi wa BOSCO wa Jimbo Kuu Katoliki la Gulu ulianza kuunganisha kambi za watu waliokimbia vita kwa viungo virefu vya redio. Kambi hazikuwa na umeme wala simu za kutegemewa. Walichagua kompyuta zinazotumia umeme kidogo sana, wakaziendesha kwa jua, na wakawapa watu uwezo wa kupigiana simu ndani ya mtandao wenyewe. Angalieni mpangilio wao wa mawazo: walianza na umeme uliopo, ndipo wakachagua mashine zinazouweza.

Hapa nchini, katika miaka hiyo hiyo ya 2000, mradi wa majaribio katika wilaya za Bunda na Serengeti, mkoani Mara, uliunganisha taasisi za umma zikiwamo hospitali na shule. Funzo lake kwetu ni kuungana: taasisi kadhaa zikibeba gharama ya mgongo mmoja, kila moja inaweza kumudu ambacho peke yake isingeweza. Parokia, halmashauri na shule ya jirani wakae meza moja kabla kila mmoja hajaagiza sahani yake.

SHERIA NA UTUNZAJI

Kuuza huduma ya intaneti kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Hata masafa yaliyo wazi kwa wote yana mipaka ya nguvu. Nendeni kwao mkiwa na mchoro mkononi, na mapema. Mnara unahitaji pia kibali cha ujenzi, na ukiwa karibu na uwanja wa ndege, kama wa Tabora, Mamlaka ya Usafiri wa Anga nayo iulizwe. Mkataba wa kilima uwe wa maandishi, wenye saini ya mwenye ardhi na serikali ya kijiji.

Kwa wafadhili wetu tuna neno moja la wazi. Ni rahisi kupata fedha ya mnara, kwa sababu mnara unaonekana kwenye picha. Ni vigumu kupata fedha ya betri za mwaka wa nne. Tunawaomba mkubali kulipia minara michache, ili sehemu ya msaada iende kuwafundisha vijana wawili wa mahali hapo. Tunasema wawili, kwa sababu mmoja akipata kazi mjini lazima abaki mwingine. Na kamati iweke akiba ya betri kila mwezi kuanzia mwezi wa kwanza, katika akaunti yake peke yake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Chanzo chetu cha intaneti kiko wapi, na tumeuliza kampuni ngapi?
2. Saa ya msongamano tutakuwa na watumiaji wangapi, na kila mmoja atapata kasi gani? Tutaongeza kasi tukifika wateja wangapi?
3. Kati ya kila mnara na mwenzake, mti mrefu kuliko yote una mita ngapi? Nani ameupima, na mwezi gani?
4. Ni kilima gani kilicho karibu, na ni cha nani?
5. Kila kituo kitavumilia siku ngapi bila jua?
6. Kituo cha kwanza kikizimika, zahanati itatuma taarifa kwa njia gani?
7. Ni vijana gani wawili watakaofundishwa, na betri zitanunuliwa kwa fedha ipi?

KAZI YA KUFANYA

Kabla ya robo ijayo, kila kamati ichore mtandao wake kwenye karatasi moja: vituo, umbali, urefu wa minara, umeme, na njia ya pili. Mtuletee mchoro huo hata kama umefutwafutwa. Tutaupitia pamoja nanyi, na tutasema wazi pale tunapoona kosa, kama tulivyosema la kwetu.

Zahanati ile ya kilomita tisa sasa inapata mawasiliano kupitia mnara wa kilimani. Desemba iliyofuata tulikwenda tena, mvua ikinyesha na miti ikiwa imefunga. Kutoka kwenye mnara wa kengele hatukuona bati, tuliona kijani kitupu. Ndani, muuguzi alikuwa anatuma taarifa yake.